Viatu Vilivyotazama Nje

Inspekta Perihan Sarpkaya alipofika juu Pamukkale, Uturuki, kesi ilikuwa imeshasikilizwa, mshitakiwa ameshahukumiwa, na majaji walikuwa wanakula aiskrimu.

Majaji wenyewe walikuwa abiria wa basi moja, watu wa Tire waliotoka kwao alfajiri kuja kuoga maji moto, kuangalia magofu na kurudi jioni. Walikuwa wamebanana kivulini kando ya bwawa la kale, taulo mabegani, maji yakiwachuruzika miguuni, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mshitakiwa alikuwa peke yake juani, amekalishwa juu ya kipande cha nguzo ya Kirumi, pingu mikononi. Jina lake Şehmus Aktaran, mtu wa Mardin, kule mbali upande wa mashariki, na mpaka adhuhuri ya siku hiyo ndiye aliyekuwa mwongoza wageni wao.

Jua lilikuwa la kumkaanga mtu kwa mafuta yake mwenyewe. Mijusi wa magofu walikuwa wanavuka njia kwa mguu mmoja mmoja ili mingine ipoe. Asiyeamini aende akawaulize.

"Nani kamweka pale?" Inspekta aliuliza.

Sajini Hulki alipiga saluti. "Abiria, Afande. Walisema mwizi hastahili kivuli."

"Abiria ndio wanaokulipa mshahara?"

Hulki alifikiri. "Kwa kodi zao, Afande, ndiyo."

"Mfungue pingu, mpe maji, mlete kivulini. Halafu tutazungumza habari za kodi, mimi na wewe."

Kabla Hulki hajageuka, mtu mmoja mnene alimkatiza njia. Sauti yake ilikuwa ya kuwaamsha Warumi makaburini. Huyu alikuwa Bwana Cavit Tellioğlu, mwenye kampuni ya safari na mwenye basi. Watu wote pale walikuwa wamebaki na fulana na mashati. Yeye alivaa koti la kijivu, vifungo vyote vimefungwa, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Inspekta, karibu, pole na safari, lakini hakuna kazi hapa. Kazi nimeshaifanya. Bi Müzeyyen kaibiwa bangili zake za dhahabu akiwa majini. Nikaamuru mabegi yafunguliwe. Zikaonekana kwenye begi la huyu, chini ya mkate na zeituni zake. Mwandikie, mpeleke kwa mwendesha mashtaka, wateja wangu waendelee na starehe yao. Mimi ni mtoto wa hamamu, dada yangu! Baba yangu alikuwa mtumishi wa hamamu kwetu Tire, nimekulia kwenye mvuke, nimewahudumia watu tangu sijaota jino la pili. Mteja kwangu ni mama. Anayemwibia mteja wangu kamwibia mama yangu."

"Uliamuru mabegi yote yafunguliwe?"

"Yote."

"Mangapi yalifunguliwa?"

Bwana Cavit alifuta jasho kwa kiganja. "Moja. Zikapatikana. Ya nini kuendelea?"

"Kwa nini ulianza na la Şehmus?"

"Ah, Inspekta. Mtu wa kule kwao... Unajua mwenyewe."

"Sijui. Nieleze."

Bwana Cavit aliwatazama abiria wamsaidie. Abiria wakazitazama aiskrimu zao.

"Na beji yake iko wapi?" Inspekta aliuliza tena. Mwongoza wageni huvaa beji shingoni. Bila hiyo, mlangoni pa magofu ni mtu wa kawaida kama wewe na mimi, anakata tikiti.

Bwana Cavit aliitoa kwenye mfuko wa suruali. Inspekta aliipokea kwa vidole viwili, akasema polepole, kwa ile sauti ambayo Hulki aliijua na kuiogopa kuliko kelele:

"Hii hukumpa wewe, Bwana Cavit. Umemvua mtu riziki yake shingoni kama unavyomvua ng'ombe kamba, mbele ya watu, kabla polisi hawajafika. Itakaa kwangu. Leo hii hii itarudi shingoni mwake au itakwenda kwa mwendesha mashtaka, naye hataivaa tena maisha yake yote. Njia ya tatu haina."

*

Bi Müzeyyen alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu mitupu, bangili zimesharudi mkononi, na hasira bado haijapungua hata chembe. Alikuwa mjane mwenye mwili mdogo na mdomo mkubwa.

"Mwanangu, nilimpa böreki! Nimeamka usiku kuikanda kwa mikono hii, nikamkatia kipande cha katikati, chenye jibini nyingi. Akala, akasema Mungu aibariki mikono yako. Na macho yake kumbe yako mkononi kweli! Bangili hizi marehemu alikuwa ananiongezea moja kila msimu wa tini ukienda vizuri. Wiki ijayo anachumbiwa mjukuu wangu, nimvishe nini, majani ya mtini? Lakini watu wa kule ndivyo walivyo, jirani yangu alishaniambia."

"Jirani yako ameshafika kule?"

"Hajafika. Lakini ana televisheni."

Inspekta aliuma meno. "Mama, nieleze bangili zilitokaje mkononi."

"Maji haya yanaiharibu dhahabu, inakuwa nyeusi. Kwa hiyo nikazivua kwa sabuni. Yale makabati ya kukodi siyaamini, funguo za makabati yote ni baba mmoja mama mmoja. Nikazitia ndani ya soksi, soksi nikaisukuma ndani kabisa ya kiatu cha kushoto, viatu nikaviacha chini ya benchi. Nani ataiba kiatu cha kikongwe?"

"Na baada ya kutoka majini, viatu ulivigusa?"

"Nilichungulia cha kushoto, nikaona hakuna soksi, nikapiga ukelele. Tangu hapo niko pekupeku. Viko kule kule, sitaki kuviona."

Inspekta alisimama. Hiyo ndiyo habari njema ya kwanza aliyoipata siku hiyo: katika umati wote ule uliovuruga kila kitu, hakuna aliyegusa viatu.

Benchi lilikuwa hatua chache tu kutoka ukingo wa bwawa, chini ya maua ya waridi. Bwawani nguzo za marumaru zilikuwa zimelala ndani ya maji, mapovu yakipanda katikati yake. Inspekta alipiga magoti. Viatu vya Bi Müzeyyen vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini, visigino vimekanyagwa. Aliviangalia muda mrefu mpaka Hulki akaanza kuhofu kwamba joto limempanda kichwani.

"Mama, ulivivuaje? Nionyeshe."

Bi Müzeyyen alisimama akilielekea bwawa, akainua mguu mmoja, kisha wa pili. "Hivi. Nikavisukuma chini kwa vidole."

"Kwa hiyo ncha zilitazama majini."

"Zitazame wapi tena?"

"Sasa zinatazama wapi?"

Bi Müzeyyen alichungulia. Viatu vilikuwa vimekaa sawasawa, visigino vikielekea majini, ncha zikitazama njiani, kama vinamsubiri mtu atoke avivae aende zake.

"Ah! Kuna mtu mwenye adabu kanigeuzia."

"Ndiyo, mama. Mwizi wako amelelewa vizuri."

Jambo hilo kwao ni la kila nyumba. Mgeni akivua viatu mlangoni akaingia ndani, bibi arusi wa nyumba hiyo, yaani mkaza mwana, hutoka kimyakimya akavigeuza vitazame nje, ili mgeni akiondoka avivae bila kuzungukazunguka. Inspekta mwenyewe alikuwa amevigeuza viatu vya nusu ya mkoa wa Denizli, sikukuu baada ya sikukuu, kwenye nyumba ya mama mkwe wake. Mkono ukishazoea hauulizi ruhusa. Umeshika kiatu, utakiweka hivyo, hata kama umekishika kwa kuiba.

Aliweka kiganja chake katikati ya viatu viwili. Kiliingia chote, bila kubana.

Kisha akatoa soksi kwenye kiatu cha kulia. Ilikuwa mbichi, nzito, na nyekundu kama matofali.

"Hii rangi?"

"Karahayıt," Hulki alijibu. "Basi lilianzia kule asubuhi, kwenye maji mekundu. Yana kutu, Afande. Nguo ikishika, mpe maskini."

"Niliingia na soksi zangu," Bi Müzeyyen alisema kwa ukali. "Nivue nionyeshe vidole vyangu kwa wanaume wa Tire nzima?"

"Ya kushoto ilikuwa mbichi namna hii hii?"

"Zilikuwa za miguu miwili ya mtu mmoja, mwanangu. Ilikuwa inachuruzika."

"Hulki. Bangili zilipatikana ndani ya soksi?"

"Hapana, Afande. Zilikuwa tupu, chini ya mkate."

"Begi la Şehmus lina unyevu? Lina wekundu?"

Hulki alilileta. Walitoa kila kitu: mkate, zeituni kwenye karatasi, kofia, kitabu cha magofu kilichochakaa. Begi lilikuwa kavu, na mkate ulikuwa mweupe.

"Basi soksi iko mahali," Inspekta alisema. "Tafuta. Kila pipa la taka, kila kichaka. Mlango wa kutokea una mlinzi, hakuna aliyetoka tangu ukelele ulipopigwa?"

"Hakuna. Bwana Cavit mwenyewe aliamuru mtu asitoke."

"Vizuri sana," Inspekta alisema. "Mtu wa amri huyo."

*

Alimwita kwanza Binnaz, mke wa mtoto wa Bi Müzeyyen. Ukitafuta mkono uliozoea kugeuza viatu, unaanza na bibi arusi.

"Wewe ndiye mkaza mwana wake?"

"Kwa sasa," Binnaz alijibu. Alikuwa bado amejifunga taulo kichwani. "Leo akinitukana tena mbele ya watu, sijui kesho."

"Nyumbani kwenu nani anageuza viatu vya wageni?"

"Kuna nani mwingine, paka?"

"Ulijua bangili zilipo?"

"Dada Inspekta, nilimwona akizisokomeza. Lakini uliza bwawa zima nilikuwa wapi. Mama mkwe hajui kuogelea. Alining'ang'ania shingoni kama mtoto wa nyani, nikamshika kwapa, tukazunguka nguzo zile mpaka nikazijua majina. Angeniacha nichomoke hata kidogo? Alipotoka yeye ndipo nilipotoka mimi."

Watu wawili waliokuwa kivulini waliitikia kwa vichwa: ndivyo ilivyokuwa, walicheka mpaka wakameza maji.

Inspekta alivua viatu vyake, akaviacha ovyo. "Nigeuzie."

Binnaz alimshangaa, akainama, akavigeuza kwa mkono mmoja bila kutazama. Viatu vikakaa vimebusiana, hata uzi usingepita katikati.

"Siku zote hivyo?"

"Vikiachana mama mkwe anasema nina mawazo ya kuachika."

"Nenda kanywe chai, binti. Umemaliza."

Kisha alimwita Şehmus. Alikuja akisugua vifundo vya mikono, midomo imekauka, na hakukaa mpaka alipoambiwa. Hakuwa analia wala kuomba. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekwisha kujieleza mara nyingi mahali pasipo na masikio.

"Wakati wizi unatokea ulikuwa wapi?"

"Mlango wa kuzimu."

"Jibu vizuri."

"Najibu vizuri. Ni lile pango la kale, pale chini ya hekalu, linalotoa hewa mbaya. Wazee wa kale waliliita hivyo. Ilikuwa zamu yake kwenye ratiba. Niliwaita abiria, hakuna aliyekuja, wote walitaka maji. Nikaenda peke yangu, kwa sababu nikilipwa kwa kazi naifanya. Begi nililiacha kitini, mgahawani."

"Kuna aliyekuona?"

"Shomoro mmoja. Alikuwa ameshakufa kwa hiyo hewa."

Hulki alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Bwana Cavit ana ugomvi nawe?"

"Jumatatu natoa ushahidi mbele ya chama chetu cha waongoza wageni. Anatulazimisha tuyaruke magofu ili basi liwahi kwenye duka la mawe la shemeji yake. Watu wanalipia kuona mji wa miaka elfu mbili, wanaonyeshwa sahani za kutia majivu ya sigara. Wenzangu wote wameogopa, nimebaki mimi." Alitazama mikono yake. "Mwizi hatoi ushahidi, Inspekta. Nani atamsikiliza?"

"Kwa mama yako, Mardin, mgeni akivua viatu, vinakaaje?"

Şehmus aliona kama anadhihakiwa. "Hilo nalo linahusu nini?"

"Jibu."

"Vinakaa alivyoviacha, vinatazama ndani. Ukivigeuza vitazame nje umemwambia toka, tumekuchoka. Marehemu babu yangu hakusema na ndugu yake mpaka kufa kwa sababu bibi arusi mgeni, wa kutoka huku kwenu, aligeuza viatu kwa mazoea. Sisi hatugusi viatu vya mtu."

Nyuma yake kiti cha plastiki kililia. Bi Müzeyyen alikuwa amekisogeza karibu bila aibu yoyote ili asikie. "Toba!" alisema. "Kwetu sisi ni heshima!"

"Kwetu ni kufukuzwa, mama," Şehmus alijibu bila kugeuka.

Bi Müzeyyen alishusha macho, akaviangalia viatu vya Şehmus.

*

Nyuma ya mgahawa wa bwawani kulikuwa na chumba cha mazulia, chenye mito ya kuegemea na meza fupi ya shaba, chumba ambacho huingii na viatu. Inspekta alikitaka hicho hicho, ingawa meneja alimpa ofisi nzuri yenye feni.

"Nitazungumza nanyi mara moja tu, tumalize," aliwaambia. Mlangoni alivua viatu vyake, akavitupa kimoja huku kimoja kule. Hulki akavua, Binnaz akavua, Şehmus akavua. Bi Müzeyyen aliyekuja na kandambili za kuazima akazivua. Bwana Cavit akavua vyake mwisho, akihema. Kizingiti kikawa kama mahali palipopita ng'ombe.

Chai ililetwa kwenye bilauri ndogo zenye kiuno. Kisha Hulki, kama alivyoagizwa, akapita na chupa ya kolonya ya limau, akimimina viganjani. Watu wakajipaka mikono na shingo, chumba kikanukia. Bwana Cavit alijipaka mpaka usoni, ikamwingia machoni; mkono wake ukaenda upesi mfuko wa ndani wa koti kutafuta leso, ukafika nusu ya njia, ukarudi. Akajifuta kwa kiganja.

"Vua koti, Bwana Cavit," Inspekta alisema. "Utayeyuka, tutakukosa."

"Nina mafua ya mgongo."

"Pole. Na leo ulifika hapa saa ngapi? Ulikuja na basi?"

"Nilitoka Denizli na gari langu, nikaja moja kwa moja hapa kula na wateja. Nilikuwa mgahawani muda wote. Bwawani sikukanyaga, Karahayıt sikukanyaga."

"Sawa. Hebu piga simu ofisini kwako wanitumie mkataba wa Şehmus. Humu ndani simu haishiki, simama pale mlangoni."

Alitoka. Mlango ulibaki wazi, na wote walimsikia akimkaripia karani wake. "Nimesema mkataba! M-ka-ta-ba! Nikuimbie?" Mkono mmoja ulikuwa na simu sikioni. Mwili wake mnene uliinama, na mkono wa pili ukaanza kazi. Ulichukua kiatu cha Inspekta kule kilikotupwa, ukakileta kwa mwenzake, ukavigeuza vitazame nje. Ukachukua vya Hulki, kisha kandambili za Bi Müzeyyen. Jozi baada ya jozi, upesi, bila kutazama, na mdomo unaendelea kutukana. Alipomaliza, kizingiti chote kilikuwa kimepangwa mstari mmoja, na kila jozi kati yake ilikuwa na nafasi ya kiganja.

Ndani hakuna aliyenywa chai. Binnaz alikuwa ameshika mdomo. Şehmus alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe, vinavyotazama nje, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Wanautuma sasa hivi," Bwana Cavit alisema akiingia.

"Asante. Hodari sana wewe kupanga viatu."

"Eh?" Aligeuka, akaona. Akacheka kidogo. "Mazoea tu. Mtoto wa hamamu."

"Hamamuni mlikuwa mnapanga mitalawanda ya wateja."

"Niliipanga mpaka vidole vikaota sugu."

"Mbona unaviachanisha? Bibi arusi huwa anavibananisha."

"Mteja anatoka na miguu mibichi, dada yangu," Bwana Cavit alieleza, na kwa muda mfupi alikuwa mtu anayependa kazi yake. "Mitalawanda ni ya mbao. Ukiibananisha anajikwaa, anavunja nyonga. Unaacha kiganja, mguu unateleza wenyewe. Hilo nilifundishwa na baba kwa bakora, halinitoki mpaka ka—"

Aliona Sajini amehama pale alipokuwa ameketi, sasa yuko mlangoni.

"Nimeona jozi moja tu nyingine leo iliyopangwa hivyo," Inspekta alisema. "Iko chini ya benchi, kando ya bwawa ambalo hukukanyaga. Mama Müzeyyen, nani alikuambia maji yale yanaiharibu dhahabu?"

Bi Müzeyyen alikuwa anamkodolea macho Bwana Cavit. "Yeye! Alinijia mezani, akanishika mkono, akasema mama, bangili nzuri hizi, zivue zisije zikaingia weusi. Nikamwombea dua! Nilimwombea dua ndefu!"

"Vua koti, Bwana Cavit."

"Una kibali cha—"

"Wewe ulimpekua Şehmus kwa kibali gani?" Sasa Inspekta alisimama, na sauti ilitoka yote, mpaka waliokuwa bwawani wakatoa vichwa majini. "Ulimfungulia begi mbele ya watu wazima hamsini, hakuna hata mmoja aliyeuliza! Ulimvua beji, hakuna aliyeuliza! Walimweka juani kama samaki wa kukaushwa, na askari wangu akawasaidia kumtia pingu! Kwa sababu ya nini? Kwa sababu katoka Mardin na wewe una basi! Uliwajua wateja wako vizuri, mtoto wa hamamu. Ulijua ukitupa jina la kwao tu, wengine watamalizia. Vua koti!"

Hulki ndiye aliyefungua vifungo. Shati lilikuwa jeupe, na upande wa moyo lilikuwa na doa jekundu kubwa kama sahani, kama mtu aliyepigwa risasi asubuhi akasahau kuanguka. Kutoka mfuko wa ndani wa koti Hulki alivuta soksi ya kikongwe, nyekundu, bado mbichi.

"Hakuna aliyekupekua wewe," Inspekta alisema, chini sasa. "Nani ampekue mwenye basi? Ulizimwaga bangili begini, soksi ikabaki mkononi, ukelele ukapigwa. Ukaitia mfukoni ukafunga vifungo. Ukishafunga, ukashindwa kufungua."

Bwana Cavit alisema kitu kuhusu wakili. Hakikusikika vizuri, maana Bi Müzeyyen alikuwa ameshanyakua soksi na kumchapa nayo shavuni, ikatoa mlio wa samaki akitupwa sinia.

"Mama! Hicho ni kielelezo cha mahakama!"

"Basi mahakama ikione kinavyofanya kazi," alisema, akamchapa tena.

*

Bwana Cavit aliondoka na shavu jekundu upande mmoja, kwenye pingu zile zile. Inspekta alibaki mlangoni na Hulki.

"Sitasema mengi, Hulki. Taarifa ya leo utaiandika wewe, na utaanza na ile nguzo juani."

"Ndiyo, Afande," Hulki alisema, akitazama chini.

Pale chini, miguuni pao, Bi Müzeyyen alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti. Yale magoti aliyoyalalamikia tangu Tire. Binnaz alitaka kumwinua, mama mkwe akamsukuma kwa kiwiko. Alichukua viatu vya Şehmus, vilivyokuwa vimegeuzwa na Bwana Cavit, akavirudisha vitazame ndani, ncha kwenye zulia, kama mwenyewe alivyoviacha. Akavifuta vumbi kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akasimama kando, bangili zikilia.

Şehmus alitoka, akakuta. Alivitazama viatu, akamtazama yule mama.

"Magoti yako, mama."

"Magoti yangu hayakuhusu," Bi Müzeyyen alisema, macho pembeni. "Vaa."

Ilimbidi ageuke, awape mgongo watu wote, avivae kinyumenyume akijishika ukutani. Alichukua muda wake. Inspekta alimpa beji mkononi, hakumvisha. Akaivaa mwenyewe, akaiweka sawa kifuani.

Abiria walikuwa wamejikusanya nje. Aiskrimu zilikuwa zimewayeyukia vidoleni na hakuna aliyethubutu kulamba. Mmoja akakohoa. "Kaka Şehmus, sisi tulidhani... unajua, joto. Basi litaondoka sasa? Bado tunapitia duka la mawe?"

Şehmus alimtazama mpaka yule mtu akaanza kujikuna shingo.

"Duka limefungwa," alisema. "Mniite mwizi tangu adhuhuri, halafu jioni niwapeleke mkanunue sahani? Mna ratiba mliyoilipia, na mahali pamoja pamebaki. Niliwaita asubuhi, mkakataa. Vaeni viatu. Tunakwenda mlango wa kuzimu, na leo hakuna anayebaki nyuma."

Akatangulia bila kuangalia kama wanamfuata. Wakamfuata wote, mstari mmoja, kimya, Bi Müzeyyen mbele.